Wimbo wa Antoinette

Balagizi alipokufa, mimi nilikasirika. Alikufa kitandani kwake Kamembe, usingizini, mkewe ubavuni, bila mtu yeyote kumwuliza neno. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipika maneno ya kumwambia. Yalikuwa yameiva, nimeyatia chumvi ya kutosha, nangoja tu nimpate mbele ya watu. Yeye akaona afadhali afe. Hata kwa kufa alikuwa mjanja.

Habari ilinikuta shambani Nyakarenzo, napalilia maharage. Aliyenipigia simu ni Fabien, mpiga besi wetu wa zamani, mtu mpole asiyeweza kumkatalia hata mbuzi.

"Maman Védastine, Balagizi ametuacha," akasema.

"Amekufa na nini?"

"Moyo. Alilala tu, hakuamuka."

"Vizuri," nikasema.

"Eh, njo vile. Hakuteseka," akaitikia Fabien, naye analia. Nikamwacha aelewe anavyotaka, nikarudi kwenye maharage yangu. Siku hiyo niling'oa magugu kwa hasira mpaka nikang'oa na maharage yenyewe.

Mazishini sikwenda. Niende nikamtupie udongo, kwa heri gani? Lakini baadaye Fabien akapiga tena. Siku ya kufunga kilio ilikuwa inakaribia. Kwetu huku, mazishi yakishapita, ndugu na majirani hukutana tena mchana mmoja, wakanywa pombe ya mtama, wakashukuru waliowasaidia, halafu mfiwa anaruhusiwa kurudi kazini na kucheka. Fabien alikuwa na ombi la familia.

"Banaomba ukuye uimbe *Antoinette*. Mwimbaji mwenye alikuwa anaiimbaka naye alishakufaka, na bantu bengine habaiwezi. Banasema bila ile mwimbo haiko kilio ya Balagizi."

"Nitakuja," nikasema papo hapo. Nadhani Fabien alishangaa, maana aliniuliza mara mbili kabla ya kunishukuru.

Nieleze basi, ili mtu asije akadhani mimi ni mwanamke mwenye roho mbaya tu. Roho mbaya ninayo, sikatai, lakini ina sababu zake.

Ujanani, Bukavu, nilikuwa mwimbaji wa Muhumba Jazz. Balagizi alikuwa mkuu wa okestra na mpuliza saksofoni, na nitasema ukweli hata kama unaniuma ulimi: alikuwa anajua. Alinifundisha kuvuta pumzi kutoka tumboni, akanifundisha kukaa nyuma ya ngoma kidogo badala ya kuikimbilia. Tulikuwa tunapiga rumba, tunapiga jazz ya kizungu kwa ajili ya wageni wa hotelini, na Jumamosi mchana akina mama wa sokoni walikuwa wanaweka mizigo yao chini dirishani kwetu kusikiliza mazoezi. Wengine waliniita kwa jina langu. Wengi waliniita Mama Gaju, kwa sababu nilikuwa na binti, Gaju, aliyekuwa akilala kwenye kasha la besi la Fabien wakati sisi tunafanya kazi.

Huyo mtoto hakuwa analala bila wimbo. Nyimbo za watu alizikataa, analia mpaka anabadilika rangi. Basi nikamtungia wake. Ulikuwa mdogo, unazunguka palepale, unamwambia Gaju mvua imepita, Gaju paa letu halivuji, Gaju funga macho mama yupo. Wenzangu waliuzoea. Balagizi alikuwa akiusikiliza huku anafuta saksofoni yake, hasemi kitu. Ningejua mwizi hukaa kimya, ningemwimbia mtoto nje.

Okestra ikapata nafasi ya kwenda kurekodi Bujumbura. Wiki hiyohiyo Gaju akashikwa na surua. Nikasema siendi. Balagizi akasema pole, wakaenda bila mimi. Waliporudi, mtoto nilikuwa nimeshamzika, na mimi nimekaa mkekani na wanawake wa kanisani. Balagizi akaja kutoa rambirambi. Alivua kofia, akanishika mkono, akatoa kanda mfukoni, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe.

"Sikiliza siku yenye utapata nguvu," akaniambia. "Imetoka muzuri sana."

Nikaisikiliza jioni ile. Ulikuwa wimbo wa mwanangu. Sauti ni ya mwanamume, saksofoni imepambwa mbele na nyuma, ngoma chini, na kila mahali palipokuwa na Gaju sasa pana Antoinette. Antoinette, mvua imepita. Antoinette, funga macho. Alikuwa anamchumbia huyo Antoinette, binti wa familia ya Kinyarwanda ya palepale Bukavu kama mimi, na aliona haya kumwendea mikono mitupu.

Nilimfuata kazini. Alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulioniunguza zaidi.

"Védastine, ile ilikuwa kelele ya kulalisha mutoto. Miye njo niliifanya kuwa mwimbo. Na Gaju, nani anamujua Gaju?"

Ndiyo maneno yake. Nani anamjua Gaju. Siku hiyo nikaacha okestra, nikaacha kuimba, na nilipohamia Rwanda na ndugu zangu hata kwaya ya kanisa ilinibembeleza ikachoka. Waswahili wanasema mwenye kovu usidhani amepoa. Mimi hata kidonda hakijafunga.

Na Mungu naye ana mizaha yake: Balagizi na mkewe wakavuka daraja la mpakani, wakahamia Kamembe, karibu nami. Akakusanya wazee wenzake, wakawa wanapiga jazz Jumapili mchana kwenye bustani ya hoteli moja ukingoni mwa ziwa. Watu walikuwa wanatoka Nkanka na Nzahaha kuja kuwasikiliza. Wimbo wa mwisho ulikuwa uleule kila Jumapili. Antoinette anainuka kitini, Balagizi anamwinamia na saksofoni, watu wanapiga makofi na kufuta machozi. Sokoni Kamembe wauza nyanya walimwita Antoinette wa wimbo, wakamwongezea nyanya mbili juu.

Niliwahi kwenda mara moja, nikakaa nyuma na Fanta yangu. Balagizi akaniona. Mnadhani alitahayari? Alichukua maikrofoni, akatangaza kwamba mwimbaji wao wa zamani yupo, watu wampigie makofi. Nikapigiwa makofi. Kisha akapiga *Antoinette*, na watu wote wakaimba, na mimi nimekaa pale nikisikia bustani nzima ikimwambia mtu mwingine kwamba paa letu halivuji.

Kwa hiyo Fabien aliponialika, mpango ulikuja wenyewe. Nitasimama, nitaimba, na kila penye Antoinette nitatia Gaju, kwa sauti ya tumboni kama nilivyofundishwa na marehemu. Basi. Waulizane wenyewe. Nilishona gauni, nikafanya mazoezi peke yangu nyuma ya nyumba, na sauti ikaja, kavu kidogo, lakini ikaja.

Siku yenyewe walikuwa wamefunga hema uani kwa Balagizi. Wanawake wamevaa mishanana, vazi letu la heshima la kufunga begani, mitungi ya pombe ya mtama iko katikati na mirija yake. Upande mmoja okestra: Fabien na besi, mpiga ngoma, na Cubaka, mdogo wake Balagizi, aliyevuka kutoka Bukavu na gitaa lake. Saksofoni ya marehemu ilikuwa imelazwa juu ya kiti kitupu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Antoinette alikaa mbele, amenyooka, nywele zimenyolewa kwa ajili ya msiba. Aliponiona alinyanyuka, akanikumbatia.

"Aksanti sana ya kuya, Maman Védastine. Alikuwa anakutajaka kila mara."

Huyu mama hakunikosea kitu, nalijua hilo. Lakini alikuwa amevaa jina juu ya jina la mwanangu miaka yote hiyo kama kitenge cha kuazima, na mimi sikuwa nimekwenda pale kugawa haki kwa kijiko.

Mwenye kuongoza shughuli alikuwa Damascène, kaka yake Antoinette, mzee wa Kinyarwanda anayependa mambo yaende kwa desturi. Alishukuru wachungaji, alishukuru majirani, akasema watoto wa marehemu watasimamiwa na nani. Halafu akaja kwenye jambo ambalo mimi, kwa hasira zangu, nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Bandugu, munajua desturi yetu," akasema. "Mbele ya kufunga kilio, tunauliza. Kama kuko muntu mwenye marehemu alikufa na kitu yake, aseme sasa. Famille itarudisha. Kilio haifungwe na deni ndani. Leo ikipita, hatutasikiliza tena neno."

Kwa wengi hilo ni neno la kupitia tu. Watu wa Cubaka waliotoka ng'ambo, Bashi, kabila la marehemu, hawakuelewa hata wanaulizwa nini, wakawa wanatazamana. Jirani mmoja akasema marehemu aliazima ngazi yake, watu wakacheka, akaambiwa ngazi iko nyuma ya nyumba. Damascène akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua mdomo kuendelea.

Nikasimama. Mpango wangu wa kubadilisha jina niliutupa palepale, kwa sababu mlango mkubwa zaidi ulikuwa umefunguliwa, na aliyeufungua ni wao wenyewe.

"Miye niko na neno," nikasema. "Balagizi alibebaka kitu yangu. Haiko feza. Iko mwimbo."

Walioshika mirija wakaiachia.

"Mwimbo gani, Maman?" akauliza Damascène.

"Ile yenye mumeniita kuya kuimba."

Cubaka akaruka na gitaa lake shingoni. "Uongo. Ile mwimbo iko ya kaka yangu. Ata radio zote za Bukavu zinajua."

"Radio haikuwaka mu nyumba yangu wakati nilikuwa nabembeleza mutoto," nikamjibu. "Nilitungaka ile mwimbo juu ya binti yangu, Gaju. Alikufa. Mbele ya kilio yake kuisha, kaka yako alishaitoa jina yake ndani, akaweka ingine. Fabien iko pale na besi. Mumuulize."

Maskini Fabien. Alishika shingo ya besi kama mtu anayeshika mti wakati wa mafuriko. Damascène akamwambia aseme, na akamkumbusha kwamba mbele ya kilio watu hawadanganyi.

"Iko ya Védastine," akasema Fabien mwishoni, kwa sauti ndogo. "Gaju alikuwa analalaka mu kasha ya besi yangu. Nilikuwa naisikia kila siku. Balagizi aliongeza saksofoni na ile jina."

"Na weye ulinyamaza miaka yote?" Cubaka akamkaripia.

"Siye bote tulinyamaza. Alikuwa mukubwa wetu."

Nilitazama nyuso moja moja. Nitasema wazi, nilifurahi. Nilikuwa na furaha inayowasha, kama pilipili inayokutoa machozi na bado unataka nyingine. Yule aliyeniuliza nani anamjua Gaju, haya basi, hema zima linamjua.

Damascène akashauriana na wazee wawili, vichwa pamoja. Kisha akanigeukia. "Deni ni deni, ata kama haionekane na macho. Maman, unataka famille ifanye nini?"

Nadhani walitegemea niseme nataka heshima, nataka jina langu litajwe, halafu niimbe, tulie pamoja, tumalize. Wangenipigia makofi tena. Aa, hapana. Ukimwaga mboga, mimi namwaga ugali.

"Nataka mwimbo yangu irudi," nikasema. "Leo musiipige. Na kesho musiipige, ata ku hoteli, ata ku harusi. Na miye siimbi. Balagizi aende bila yake."

Kukawa na manung'uniko. Mama mmoja wa Nkanka alisema huu ni ukatili. Cubaka alilia kwa hasira, akasema kaka yake hakuwa na wimbo mwingine ambao watu wanaukumbuka, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana niliuomba huo. Lakini Damascène alikuwa ameshauliza mbele ya watu, na mwenye kuuliza kwa desturi hujibiwa kwa desturi. Hakuweza kurudi nyuma.

"Imerudi," akasema. "Mwimbo iko ya Maman Védastine. Famille haiko nayo tena."

Cubaka akalitia gitaa lake kwenye begi lake, akafunga zipu. Wanawake wa kanisani wakaanzisha wimbo wa tenzi, ule ambao huimbiwa kila maiti, tajiri kwa maskini. Balagizi, mpuliza saksofoni aliyetoa watu machozi kandokando ya ziwa, akafungiwa kilio kama mtu aliyekuwa akiuza misumari. Mimi nikaletewa pombe ya mtama, nikavuta kwa mrija, ikashuka vizuri kabisa.

Nilipoaga, Antoinette akasema atanisindikiza. Desturi, tena. Wakati wote ule alikuwa amekaa mbele, hajageuka, na wanawake walikuwa wanamtazama mgongoni. Tulitoka uani, tukashuka njia ya mawe kuelekea barabara kubwa. Anatembea polepole, na mimi nalazimika kutembea polepole naye.

"Gaju alikuwa na miaka ngapi?" akauliza.

"Alikuwa anaanza kusema."

"Pole sana. Sikujua."

"Najua hukujua."

Tukatembea tena. Akasema alikuwa akiwalaza wajukuu zake kwa wimbo ule, na sasa hajui awaambie nini. Nikamwambia watoto husahau. Akaitikia kwa kichwa. Barabarani akanishika kiwiko, akasimama.

"Maman Védastine, weye ulikuwa na ye mbele ya siye bote. Ile haikuwa yangu, ni sawa. Nakuuliza kitu moya tu. Hakutungaka ata ingine juu yangu? Yake mwenyewe. Ata ya kidogo. Ata yenye ilikuwa mubaya."

Alikuwa anauliza kama mtu anayeomba maji.

Ulikuwepo. Mimi ndiye mtu pekee duniani anayejua kwamba ulikuwepo. Kabla ya safari ya Bujumbura, mchana mmoja kabla wenzetu hawajafika mazoezini, Balagizi aliniimbia kwa sauti yake mwenyewe, mbaya, ya kukwaruza. Ulikuwa na maneno machache. *Antoinette, kama moshi ya jikoni inakuliza, niite, miye niko na pumzi, nitakupulizia moto.* Na muziki wake ulikuwa wa namna ambayo hujawahi kusikia na bado unaona umeujua tangu utotoni. Nilimwambia ni mzuri kuliko vyote alivyowahi kutunga. Hakuniamini. Alisema ni wimbo wa mpishi, watu wa Bukavu watamcheka, Antoinette atamcheka. Akaniomba nisimwambie mtu. Halafu akaenda akachukua wa kwangu, ambao ulikuwa umeshajaribiwa, umeshamlaza mtoto.

Nilimtazama Antoinette machoni. Jua lilikuwa bado juu, na macho yake yalikuwa yamevimba, ya mwanamke mzee aliyepoteza mume na jina lake katika mwezi mmoja. Ningeweza kumpa. Maneno yote ninayo, na sauti ilikuwa imerudi.

"Apana, Maman," nikamwambia. "Ata moya."

Akanishika mikono yote miwili, kama desturi inavyotaka.

"Aksanti ya kusema ukweli," akasema. "Wengine bangenidanganya." Akageuka, akapanda njia ya mawe kurudi kwenye hema, anainua mshanana wake kidogo usiburute.

Nikasimamisha pikipiki. Mwendeshaji alikuwa mtu wa makamo, akanipa kofia ngumu, tukaishika barabara ya Nyakarenzo. Tulipoiacha mitaa ya mjini, nikaanza kuimba. Sikuimba wa Gaju. Niliimba ule wa moshi, wote, mara ya kwanza tangu alipouimba yeye, nikausikia ukikaa vizuri kooni mwangu kana kwamba umekatwa kwa kipimo changu. Penye Antoinette nilipaacha wazi kwanza. Nilipoimba mara ya pili nikatia Védastine.

Mwendeshaji akapunguza mwendo ili asikie.

"Mama, hii mwimbo iko tamu," akasema akigeuza shingo. "Iko ya nani?"

"Yangu," nikamwambia.